Ortansia Yenye Pande Mbili

Asubuhi ile Générose aliamka na ugomvi wake wa kawaida, ule ugomvi mtamu ambao mtu akiukosa hujiuliza kama kweli yuko nyumbani kwake. Alitoka jikoni na birika mkononi, kitenge kimefungwa kifuani, akaenda moja kwa moja kwenye ortansia yake, kichaka cha maua kilichosimama kati ya njia ya kuingilia na ukuta wa nyumba. Akainama, akamwaga shinani majani ya chai yaliyobaki chini ya birika. Kila siku alifanya hivyo, upande uleule, upande wa njia.

Upande wa pili, ukutani, palikuwa na bomba. Mumewe Viateur alikuwa amechutama hapo, anasugua mwiko wake wa kupigia lipu. Jana yake alirudi amechoka, akaulaza mwiko ndani ya ndoo ya maji. Sasa aliipindua ndoo, na maji ya kijivu yakatiririka taratibu mpaka chini ya matawi.

"Tena?" Générose alisema. "Baba Liliane, mti wangu umekukosea nini?"

"Maji ni maji."

"Maji yako ni uji wa simenti. Tazama upande wako ulivyo. Mwekundu kama uso wa mlevi kwenye harusi."

"Unachanua."

"Unachanua kwa aibu!"

Viateur alicheka kwa pua, kama alivyozoea. Mdomo wake haukufunguka kwa kicheko wala kwa mengine mengi.

Ulikuwa mwanzo wa Impeshyi, ule msimu mrefu wa ukavu, milima yote ya Kigali imepauka na vumbi limekaa juu ya kila jani. Katika mtaa wao wa Nyakabanda kila kitu kilikuwa na rangi ya tofali, isipokuwa ortansia hiyo. Upande wa njia ilikuwa na maua ya buluu, makubwa kama vichwa vya kabichi. Upande wa ukuta maua yalikuwa ya waridi. Katikati, pande hizo zilipokutana, palikuwa na maua machache ya zambarau yasiyojua yaende wapi. Wapita njia walisimama. Wengine walipiga picha kwa simu. Générose aliwaambia wote maneno yaleyale: upande mmoja ni wa mwanamke mwenye akili, upande wa pili ni wa fundi mwashi.

Viateur alikausha mwiko kwa suruali, akautia mkobani.

"Usichelewe," mkewe akamwambia. "Leo napika isombe."

"Ndiyo."

Akaondoka. "Ndiyo" hiyo ndiyo ikawa neno lake la mwisho kwake.

Siku hiyo alikuwa na kazi upande wa Sonatubes, kwenye ukuta wa nyuma wa duka moja. Jua lilikuwa limepita utosini aliposikia simu ikilia mfukoni, yeye yuko juu ya jukwaa, mwiko umejaa. Walikuwa wanawake wa sokoni Gitega, mtaa wa jirani, wale waliouza vitenge pamoja na Générose. Walizungumza wote kwa pamoja. Ameanguka. Amekaa tu kwenye kigoda, amefungua kitenge kumwonyesha mteja, kaanguka nacho. Presha. Wamempeleka hospitali.

Viateur alishuka. Mwiko aliusukuma mkobani hivyohivyo, na simenti yake mbichi. Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona. Alipofika, mmoja wa wale wanawake alimjia kwenye korido huku ameshika viatu vya Générose, kimoja kila mkono, na hapo akajua.

*

Ikiriyo, yale matanga ya kukaa na wafiwa, ilijaa watu mpaka barabarani. Waliketi kwenye viti vya kukodi na kwenye mabenchi ya kanisa. Usiku moto uliwaka uani, na kila aliyetaka kusema juu ya marehemu alisimama.

Wengi walisimama. Walisema Générose alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, wa wazazi waliokimbia Rwanda na mbuzi mmoja na mtoto wao wa kwanza mgongoni. Walisema alikua akizungumza Kiswahili cha Buyenzi kwa kasi ya cherehani, na kwamba hata alipozungumza Kinyarwanda ulisikia Buyenzi ndani yake. Mwenzake wa sokoni alisema Générose aliweza kumwuzia kitenge mtu aliyekuja kuuliza njia. Watu wakacheka huku wanafuta macho.

Kisha mzee mmoja wa kanisa akasema, "Tumsikie mwenye nyumba."

Viateur alisimama. Alishika kofia yake kwa mikono miwili. Moto ulilia kidogo, watu wakangoja.

"Alikuwa mke wangu," akasema. "Asanteni kwa kuja."

Akaketi.

Mtu akaanzisha wimbo upesi, kama anayefunika sufuria. Kati ya wale wanawake wa Gitega mmoja alinong'ona, si kwa ubaya: "Maisha yote na marehemu, maskini, na hakuna hata neno." Viateur alisikia. Alikuwa mwashi, hakuwa kiziwi.

Angesema nini? Kwamba alimkuta kwa masista wa Bujumbura, yeye akijenga ukuta wa bustani yao, Générose akiwafulia nguo? Masika yote alimwamkia tu na kupita. Mpaka siku moja alipoenda kuosha mwiko kwenye bomba la kufulia, na msichana yule akatokea mikono imejaa povu, akamgombeza kutoka kichwani hadi kidoleni kwa kuchafua maji ya mashuka ya masista. Kesho yake Viateur aliosha mwiko palepale. Na kesho kutwa. "Ndivyo alivyonichumbia," Générose alikuwa akiwasimulia watoto. "Mimi nagomba, yeye anasugua. Nikaona, huyu atanimalizia sabuni bure, bora niolewe."

Ortansia ilitoka kwa masista haohao. Siku ya kuondoka Bujumbura kurudi Rwanda, nchi ambayo hawakuwahi kuiona, sista mmoja alimkatia tawi, na Générose akalichomeka ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye udongo. Kwenye lori watu walipakata redio na magodoro. Yeye alipakata kopo. Viateur alikuwa na mwiko na timazi. Walipofika Nyakabanda kwenye kiwanja kitupu, yeye alianza msingi wa nyumba na mkewe akachimba shimo la tawi, na walibishana ni nani kati yao aliyeanza kujenga.

Haya yote yalikuwa kichwani mwake, yamepangwa vizuri kama matofali. Yalikosa tu udongo wa kuyashikanisha yatoke.

Vijana wa kazini walimletea toroli yake na mbao za jukwaa alizoziacha Sonatubes. Hawakutaka kumsumbua mfiwa. Waliegemeza mbao ukutani kando ya bomba, wakaifunika toroli juu chini mbele yake, juu ya matawi ya upande wake wa ortansia, wakaondoka. Hakuna aliyezigusa tena. Mkoba wake ulining'inia msumarini nyuma ya mlango, na mwiko ndani, na simenti juu ya mwiko imegeuka jiwe.

Hakurudi kazini. Binti yake Liliane alipomwuliza, alisema mikono imechoka. Lakini kitu kimoja aliendelea nacho. Kila asubuhi alichemsha chai, akainywa, kisha akatoka na birika kumwaga majani shinani, upande wa njia.

"Papa, unafanya kama Mama," Liliane alimwambia.

"Siku ya misa ya mwaka," akasema, "nitampelekea ua lake. La buluu."

Kwa Viateur hiyo ilikuwa hotuba. Liliane aliitunza moyoni. Yeye ndiye aliyejua kwamba baba yake alisikia ule mnong'ono wa ikiriyo, kwa kuwa alikuwa amekaa kando yake na aliona kofia ikikunjwa mikononi. Mtu asiye na maneno alikuwa amepata cha kusema, na alitaka kukisema mbele ya watu, juu ya kaburi, kwa rangi ya mkewe.

*

Ortansia si mti wa kuchezewa. Générose alifundishwa na masista, naye aliwafundisha wote waliokuja kumwomba tawi: mti huu hulala na ua lake kichwani. Maua yakikauka unaondoa tu kile kichwa kikavu, kidogo, juu ya macho ya kwanza, pale panapochipua. Baada ya hapo mkono wako uuweke mfukoni. Ua la mwaka ujao limekwisha kaa kwenye ncha ya tawi la mwaka huu, dogo kuliko punje ya mtama, linangoja. "Ukiukata kichwa," alikuwa akisema, "umeukata mwaka mzima. Usije kunililia." Wengi waliukata. Wengi walikuja kumlilia. Wengine walimwagilia kwa wiki moja kisha wakasahau, na matawi yao yakafa.

Mwaka mpya, mwezi wa kwanza, Viateur alishikwa na kifua. Alikohoa mpaka majirani wakampigia simu Liliane, naye akaja kumchukua. Liliane aliishi Kicukiro na mumewe, si mbali na Sonatubes. Walimlaza huko, wakamnywesha dawa, na daktari akasema asikae peke yake mpaka kifua kikauke.

"Nani atautia maji mti?" aliuliza mara kwa mara.

"Mvua itakuja, Papa."

Mvua haikuja. Ukame mdogo wa mwanzo wa mwaka ulikazana. Ortansia, ambayo humwagiwa maji kama mtoto anavyonyonyeshwa, ililegeza majani, ikayakunja, ikayaangusha. Ikabaki vijiti vya kahawia vilivyosimama kama kuni zilizosahauliwa.

Sasa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja, mtaa wote hutoka na majembe na mapanga. Mwezi huo wa pili watu wa mtaa wao walikuwa wakizibua mfereji. Walipomaliza, Nahimana, jirani wa ukuta kwa ukuta mwenye duka dogo la sukari na makaa, aliwaambia wenzake: "Jamani, muzee Viateur anarudi kesho. Mtu atoke kwenye ugonjwa, aingie kwenye kichaka? Twende tumsafishie uani."

Lilikuwa neno jema na wote walilikubali. Waliingia kwa furaha. Walifyeka majani, walifagia, walichoma takataka, walipaka chokaa mawe ya njia. Nahimana mwenyewe alipofika kwenye vile vijiti alivijaribu kwa kidole, kimoja kikavunjika. "Hiki kimekufa," akasema. "Hapa ni nyumba ya mbu tu." Akavifyeka hadi chini, kwa mkono mmoja, panga lake likilia vizuri. Upande wa ukuta palikuwa na toroli na mbao. Mali ya mtu. Hakuzigusa.

Jumapili Liliane alimrudisha baba yake. Nahimana alikuwa getini, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Karibu, muzee! Tazama! Tumekunyoa ndevu!"

Viateur aliingia. Alitazama njia iliyopakwa chokaa, nyeupe. Alitazama mahali pa ortansia. Pale palikuwa na visiki vifupi, vimekatwa mshazari, na udongo umefagiliwa ukabaki na mistari ya ufagio.

Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

"Nimekosea nini?" Nahimana alimwuliza Liliane. Liliane alimwonyesha kwa kidole, akamweleza. Yule bwana mnene, mcheshi, aliyejulikana mtaa mzima kwa domo lake, alikaa juu ya jiwe lenye chokaa mbichi na hakuhisi suruali yake inavyoharibika.

"Kilikuwa kimekufa, dada yangu. Naapa. Nilikivunja kwa kidole."

"Kilikuwa kimelala tu, kaka."

*

Nahimana alijaribu kila njia. Alileta sukari, mlango haukufunguliwa. Alimleta mkewe, mkewe akasalimiwa na kurudishwa. Alikwenda mjini akarudi na shada la maua ya duka, ya buluu kweli, yamefungwa karatasi inayolialia.

"Muzee, haya nayo ni ya buluu. Siku ya misa ikifika nitanunua mengine, mapya."

Viateur aliyapokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Akayatazama.

"Haya hakuyapanda yeye," akasema, akamrudishia.

Mara nyingine Nahimana alikuja kwa hila ya kazi. "Ukuta wangu wa jikoni umepasuka, muzee. Ufa huu hapa, mjusi anapita na familia yake yote. Nani atanipigia lipu kama si wewe?"

"Mwiko umekufa."

"Mwiko haufi, muzee!"

"Ulijaribu kwa kidole?"

Nahimana alirudi dukani kwake na jibu hilo. Hata hivyo jioni alimwambia mkewe, "Amenitania. Mtu anayekutania hajakuzika."

Masika ilishuka. Visiki vya upande wa njia vilitoa machipukizi manono, ya kijani, yenye afya. Liliane alifurahi, lakini baba yake alitikisa kichwa. Machipukizi kutoka chini ni majani matupu mwaka wa kwanza. Alimsikia Générose akilisema hilo mara nyingi, na mwenyewe akidhani kwamba mumewe hasikilizi.

Mvua ilipozidi, maji yalituama kando ya bomba, na Viateur alilazimika kuiondoa toroli. Aliigeuza. Akazitoa mbao, moja moja. Pale chini, katika kiza cha ukuta, yalikuwa matawi ya mwaka jana. Yamepinda, yamebanwa, yamepauka kama miguu ya mfungwa, lakini hayakukatwa. Kwenye ncha za baadhi yake, kati ya majani mawili yaliyokunjana, palikuwa na kitu kidogo kuliko punje ya mtama.

Akapiga magoti kwenye matope.

Kisha moyo wake ukasita. Huu ulikuwa upande wake. Upande wa mwiko. Upande wa mlevi. Hapa hayakuwahi kuchanua ya buluu tangu ukuta ujengwe.

Kuanzia siku hiyo majani ya chai yalihamia upande wa ukuta. Alikunywa chai kuliko tumbo lake lilivyotaka. Aliomba majani kwa majirani, akimtuma Liliane kila alipokuja, na Liliane alirudi na mifuko ya plastiki inayovuja. Hata Nahimana alisikia, na asubuhi moja birika zima la majani lilikutwa getini bila mtu. Viateur alilitazama birika, alitazama ukuta wa jirani. Akayamwaga shinani. Birika akalirudisha juu ya ukuta, limeoshwa.

Vichwa vilikua. Kwanza vilikuwa vya kijani, vimefumbwa kama ngumi ya mtoto. Halafu vyeupe. Impeshyi iliingia, vumbi likarudi, na Viateur akawa anamwagilia jioni na asubuhi, kisha anakaa kwenye kigoda mbele ya mti kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini. Nyeupe ikaanza kuwa na kivuli. Liliane alisema ni waridi. Yeye alisema bado. Liliane alisema ni zambarau. Yeye alisema bado.

Wiki ya misa maua yalifunguka, nayo yalikuwa ya buluu. Hayakuwa makubwa kama ya zamani, na yalikuwa na shingo zilizopinda kwa kukaa chini ya toroli. Lakini yalikuwa ya buluu, buluu ya sabuni ya kufulia mashuka ya masista.

Viateur alibisha hodi kwa Nahimana. Mwaka huo ilikuwa mara ya kwanza.

"Njoo uone," akamwambia.

Nahimana alikuja na kandambili za mkewe, hakuwa na muda wa kutafuta zake. Alisimama mbele ya mti, akashika kichwa. "Yesu wangu. Muzee. Toroli yako ina akili kuliko mimi."

"Ndiyo," alisema Viateur.

Wakacheka, mmoja kwa mdomo, mwingine kwa pua.

*

Misa ilisomwa, na baadaye watu wakaenda makaburini. Wanawake wa Gitega walikuwepo, wamevaa sare ya kitenge. Viateur aliyaweka maua juu ya kaburi. Hakuna aliyemtaka aseme neno, na hakusema. Yule aliyenong'ona usiku wa ikiriyo alitazama yale maua, akamtazama yeye, akashusha macho.

Waliporudi Liliane alibaki Nyakabanda kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Alimwona baba yake amepumua, kama mtu aliyetua mzigo. Jioni alimwuliza, "Papa, mwaka huu hakuna hata moja la waridi?"

"Hakuna. Majani ya chai yameshinda."

"Na mwiko hukuosha mwaka mzima."

Viateur alifikiri. Hilo hakuliwaza. "Kumbe alisema kweli," akasema. "Ni simenti ilikuwa inamharibia mti." Na ule wepesi uliokuwa umemkaa usoni ukaondoka kidogo. Aliyaona mbele yake yale maua ya aibu, mwaka hadi mwaka, na mkewe akiyapita kwenda kukata ya upande wake. Ya altareni, ya wagonjwa, ya harusi za watu, yote alikata ya buluu. La waridi hakulikata hata siku moja. Kwa nini alikate? Nani hupeleka uso wa mlevi kanisani?

Kesho yake aliutoa mkoba msumarini. Alikuwa amemwahidi Nahimana kuziba ule ufa. Simenti ya Sonatubes ilikuwa imeshika kwenye mwiko kama jino. Aliigonga kwa nyundo, polepole, ikabanduka vipande vipande, akaviokota vyote na kuvitia mfukoni.

Kutwa alikuwa jikoni kwa Nahimana. Ilisikika sauti ya Nahimana peke yake, akipanga bei ya viazi na kuisimulia habari ya mjusi aliyefukuzwa na familia yake, na mara mojamoja, kama msumari, "ndiyo". Mikono haikuwa imechoka. Ilikuwa imelala tu.

Jua liliposhuka alirudi, akaenda bombani, akachutama. Akasugua mwiko ndani ya ndoo, kama jioni zote za maisha yake. Akainua ndoo, akamwaga. Maji ya kijivu yakaanza kutiririka kuelekea kwenye shina.

Akashtuka. Akaisimamisha ndoo nusu.

"Nisamehe," akasema. Aliuambia mti. "Nimesahau, Mama Liliane. Mkono umezoea."

Liliane alikuwa mlangoni na birika. Alikuja akachutama kando yake.

"Unamwomba nani msamaha, Papa?"

"Nimeuharibu tena. Sasa tu umepona."

"Nani alikwambia ulikuwa mgonjwa?"

"Yeye. Kila siku. Hata siku ile ya mwisho. Hakuwahi kukata ua langu hata moja."

Liliane aliweka birika chini. Alimtazama baba yake kana kwamba amemkuta mzee mzima anatafuta miwani iliyo kichwani mwake.

"Papa, wewe kweli hujui? Siku ya komunyo yangu ya kwanza nilitaka kubeba maua ya waridi, yalinipendeza kuliko yale mengine. Nilikuwa nimekwisha shika kisu. Mama alitoka jikoni mbio, akanikamata mkono hapa, nikadhani atanipiga. Kisha akatazama kama upo karibu. Ulikuwa kazini."

Maji yalikuwa yamesimama kwenye udongo, hayajanywewa. Viateur alikuwa bado ameshika ndoo kwa mikono miwili.

"Akasema nini?"

Liliane aliyarudia kama alivyoyasikia, kwa Kiswahili kile cha Buyenzi, cha kasi:

"Ya buluu kata unavyotaka, hayo ni ya majani yangu ya chai. Haya ya waridi usiyaguse. Baba yako hajui kusema, na mimi sijawahi kumdai aseme. Kila jioni anakuja kuniambia hapa."